Chombo cha Kale, Kazi Mpya



Wazazi wengi wa parokia zetu, za Butembo, Beni, Lubero na vijiji vya kando, wana shida moja ambayo hawaisemi wazi. Wamelipa karo ya shule kwa jasho lao, kwa kuuza maharagi na kahawa. Mtoto amefika madarasa ya juu. Siku moja anarudi nyumbani na daftari lake la biolojia, anasema: "Mama, tumefundishwa kwamba mwili wa mtu umetokana na miili ya wanyama wa kale. Mkono huu ulikuwa wa kushikia matawi. Sauti hii ilikuwa mlio tu. Hata mapenzi yako kwangu ni silika, kama ya kuku kwa vifaranga vyake." Mama ananyamaza. Lakini moyoni anajiuliza: Je, katekista alinidanganya mimi, ama mwalimu anamdanganya mwanangu?

Leo tunataka kumsaidia mama huyo. Hatutamwambia afunge daftari la mtoto, wala hatutamwambia aifunge katekisimu yake. Tutamwomba tu afikiri pamoja nasi juu ya neno moja: kitu kilitoka wapi, na kitu kinatumikia nini. Maneno hayo ni mawili, si moja. Anayeyachanganya hupotea, awe msomi au awe mtu wa shamba.

KOPO LA SOKONI NA MFUKO WA SAMAKI

Nenda sokoni. Mwenye kuuza maharagi anapima kwa kopo. Kopo lile lilitengenezwa kiwandani, mbali sana, ili litie maziwa ya unga ya watoto wachanga. Maziwa yamekwisha zamani; sasa kopo ni kipimo cha soko, na mnunuzi na mwuzaji wanaliheshimu kama mwamuzi kati yao. Tazama tena miguu ya mkulima: viatu vyake vimekatwa katika tairi la gari. Je, ni uwongo kusema kwamba kopo lilitengenezwa kwa ajili ya maziwa? Sivyo, ni kweli. Je, ni uwongo kusema kwamba ni kipimo? Hiyo pia ni kweli. Na hakuna mtu mwenye akili atakayesimama sokoni kusema: "Kipimo hiki ni cha bure, kwa sababu zamani kilikuwa kopo la maziwa tu." Sisi tungemwuliza neno moja: je, kinapima sawasawa?

Viumbe hai navyo vina habari kama hizo, tena za ajabu kuliko kopo. Mama anayepasua tilapia wa Vitshumbi au Kyavinyonge huona ndani, chini ya uti wa mgongo, mfuko mweupe wenye hewa. Mfuko huo humsaidia samaki kukaa katikati ya maji, asizame wala asielee juu kama kipande cha mti. Lakini katika Ziwa Edward hilo hilo yuko samaki mwingine, mrefu, mwenye mapezi membamba kama kamba, ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria humwita kamongo. Huyu hupanda juu ya maji kila mara kuvuta hewa, kwa maana ana mapafu. Akizuiliwa asifike juu, hufa maji, ingawa ni samaki.

Wataalamu wamelinganisha miili ya samaki hao, na mifupa ya samaki wa kale iliyogeuka mawe, wakaona kwamba pafu na mfuko ule ni ndugu wa asili moja. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wazee wa samaki wenye mifupa walikuwa na pafu la namna nyepesi. Katika ukoo wa kamongo pafu lilibaki pafu. Katika ukoo wa tilapia lilipata kazi nyingine, ya kuelea. Darwin, bingwa wa Uingereza, alidhani njia ilikwenda kinyume, yaani mfuko ndio uliogeuka pafu. Waliomfuata wakasahihisha neno lake, ndiyo desturi ya elimu. Wala safari haikuishia hapo. Katika samaki wa jamii ya kambare, mfuko ule umeungwa na vifupa vidogo vya uti wa mgongo hata sikioni, ukawa kama ngozi ya ngoma: sauti ya majini huutikisa, na samaki husikia. Basi kitu kimoja kilikuwa cha kupumua, kikawa cha kuelea, kikawa cha kusikia.

SWALI LA MKATOLIKI MMOJA

Inafaa tujue kwamba aliyewasukuma mabingwa kuchunguza jambo hili kwa bidii alikuwa Mkatoliki. Jina lake George Mivart, Mwingereza aliyeingia Kanisa letu mwaka 1844, akiwa bado kijana. Darwin alikuwa ametoa kitabu chake mwaka 1859, akisema kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo, na kila badiliko hudumu likimfaa mwenye nalo. Mwaka 1871 Mivart aliuliza swali gumu. Alisema: bawa zima linafaa kuruka, nakubali, lakini bawa lililoanza tu, kisiki kidogo kisichoweza kumwinua ndege, linamfaa nini? Ikiwa halimfai, lilidumuje hata likawa bawa?

Darwin hakulidharau swali hilo. Mwaka 1872 alitoa kitabu chake tena, akaongeza sura nzima ya kujibu. Katika jibu lake alikaza neno hili: kiungo kinachoanza kinaweza kuwa na faida nyingine, si ile tunayoiona leo. Baadaye ushahidi ulipatikana mwingi. Mwaka 1996, nchini China, katika mkoa wa Liaoning, ilipatikana mifupa ya mnyama wa kale aliyefunikwa na manyoya mepesi kama ya kifaranga, wala hakuwa na mabawa ya kurukia. Basi manyoya yalikuwako kabla ya kuruka. Inaelekea yalimpa joto kwanza. Mwaka 1982 mabingwa wawili, Stephen Jay Gould wa Marekani na Elisabeth Vrba aliyefanya kazi Afrika Kusini, walilipa jambo hili jina, eksaptesheni. Sisi tutasema tu: kupata kazi mpya.

Ushahidi mmoja uko ndani ya kichwa chako, msomaji. Katika sikio lako mna vifupa vitatu vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka ndani. Viwili kati yake, katika wanyama wa kale waliotutangulia, vilikuwa sehemu ya kiungo cha taya. Kazi yake ilikuwa kutafuna. Mjerumani Reichert alionyesha jambo hilo mwaka 1837, kabla ya kitabu cha Darwin, kwa kuchunguza watoto wa wanyama walio bado tumboni. Kwa hiyo Jumapili, unaposikia Injili ikisomwa, unaisikia kwa mifupa ambayo asili yake ilikuwa ya kula.

Tazameni basi: Mivart aliuliza kwa unyofu, na swali lake likainoa elimu kama jiwe linoavyo kisu. Mkristu asiogope kuuliza. Aogope tu kuuliza huku hataki jibu.

UNAUSOMAJE UKURASA HUU?

Tuchukue mfano wa karibu zaidi. Wewe unasoma sasa hivi. Herufi za kwanza ziliandikwa na watu karibu miaka 5,000 iliyopita, na mababu zetu wengi hawakuziona kamwe. Muda huo ni mfupi mno. Hautoshi ubongo wa mtu kuundwa upya kwa ajili ya kusoma. Hata hivyo mtoto wa Musienene na mtoto wa China wote wawili hujifunza kusoma, na wasomi kama Mfaransa Stanislas Dehaene wameonyesha kwamba wote hutumia mahali pale pale pa ubongo, upande wa kushoto, kwa nyuma. Mahali hapo palikuwa na kazi ya kutambua sura za vitu tunavyoviona. Mwalimu wa darasa la kwanza, kwa chaki na uvumilivu, anapapa kazi mpya. Alama iliyokuwa mstari tu inakuwa sauti, sauti inakuwa neno, na neno linakuwa sala.

Ulimi nao ni hivyo hivyo. Wanyama wana ulimi wa kugeuzia chakula, na koo la kupitishia pumzi. Mtu anao huo ulimi na koo hilo, naye husema kwavyo. Lakini faida hiyo ina gharama. Katika mtu mzima, kisanduku cha sauti kimeshuka chini kooni kuliko katika nyani, hata njia ya chakula na njia ya pumzi zinakutana mahali pa hatari. Kila mama aliyempigapiga mgongo mtoto aliyepaliwa anajua gharama hiyo. Tuliweke neno hili moyoni, maana tutalihitaji mbele: kazi mpya, hata ikiwa bora kuliko ya kwanza, haiji bure.

MAKOSA MAWILI

Sasa turudi kwa mama na mwanawe. Hapa kuna makosa mawili ya kuepuka.

Kosa la kwanza ni la yule anayesema: "Kwa kuwa kitu kimetokana na kitu duni, basi chenyewe ni duni." Ndivyo anavyofikiri kijana anaposema kwamba mapenzi ya mama ni silika tu. Angalieni lile neno "tu". Biolojia haikumfundisha neno hilo, amelitia mwenyewe. Ni kweli kwamba katika mwili wa mama mna kiowevu, wataalamu hukiita oksitosini, kinacholisukuma tumbo wakati wa kuzaa na kuyatoa maziwa. Na katika kondoo imethibitishwa kwamba kiowevu hicho kinasaidia kumfunga mama kwa mwanawe. Mimi sioni haya kusikia kwamba mapenzi ya mama yana mizizi katika mwili. Mti usio na mizizi ni kuni. Lakini mama anayeamka usiku wa manane kuuguza mtoto, akijua kwamba huenda atakufa, akaahidi moyoni kutomwacha, anafanya jambo ambalo kuku hawezi: ameelewa, amechagua, ameshika ahadi. Silika ilimpa chombo. Kazi ameitoa yeye, kwa roho yake.

Kosa la pili ni la Mkristu mwoga. Anasema: "Kama pafu liligeuka mfuko, na taya likageuka sikio, basi mambo yametokea ovyo, wala hakuna Muumba." Kwa hiyo anamkataza mtoto kusoma. Kanisa halisemi hivyo. Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake Humani generis ya tarehe 12 Agosti 1950, aliruhusu wenye elimu wachunguze kama mwili wa mtu umetokana na kitu chenye uhai kilichokuwako kabla, huku akishika imara kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1996 Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba elimu hiyo imekuwa zaidi ya dhana.

Hata zamani walimu wetu hawakufikiri kwamba Mungu ni kama fundi asiyeweza kufanya kitu ila kwa kukishika kila mara. Mapadri wa Asompsio, waliofika katika nchi yetu mwaka 1929, hufuata kanuni ya Mtakatifu Agostino. Naye Agostino, katika kueleza kitabu cha Mwanzo, alifundisha kwamba Mungu alitia katika viumbe, tangu mwanzo, nguvu zilizofichika kama mbegu, zipate kuonekana kila moja kwa wakati wake. Hakujua habari za samaki wetu, wala tusimfanye mwalimu wa biolojia. Lakini mlango hakuufunga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitoa mfano wa mjenzi wa mashua ambaye angeweza kuzipa mbao nguvu ya kujipanga zenyewe hata zikawa mashua. Je, mjenzi huyo angekuwa mdogo kuliko anayepigilia misumari? La hasha! Angekuwa mkubwa zaidi.

Tuseme ukweli wote lakini. Mtaalamu akitazama kwa hadubini haoni kusudi la Mungu, wala hatupaswi kumdai alione huko. Yeye huuliza jinsi mambo yalivyotokea. Imani huuliza kwa ajili ya nani, na kwa mwisho gani. Mwenye kuuliza moja asimtukane mwenye kuuliza la pili.

MTU HUTOA KAZI KWA KUJUA

Katika tilapia wengi wa maziwa yetu, jike hutia mayai yake kinywani, na watoto wakiisha kutoka huwaficha humo wanapoona hatari. Siku hizo halii karibu kitu. Kinywa kilichokuwa cha kumeza kimekuwa nyumba ya watoto. Ni jambo zuri, lakini samaki hajui kwamba ni zuri. Hakuchagua, wala hawezi kusifiwa.

Mtu je? Twende Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wa mnyama, wenye umri wa miaka karibu 20,000, uliochorwa alama 168 katika safu tatu. Siku hizi umewekwa Brussels. Wataalamu wanabishana kama alama zile ni hesabu, au siku za mwezi, au kitu kingine. Neno moja lakini ni wazi: mtu wa nchi yetu alichukua mfupa uliokuwa umebeba uzito wa mnyama, akaupa kazi ya kubeba alama za fikira zake. Si mbali na hapo, Katanda, kando ya Semliki, ilipatikana mikuki ya mifupa yenye meno ya kuvulia samaki, na mwaka 1995 wataalamu walitangaza kwamba umri wake ni karibu miaka 90,000. Tangu kale basi mtu amekuwa kiumbe anayetazama kitu na kusema: hiki naweza kukitumia kwa kazi nyingine.

Hapo ndipo utukufu wetu, na hapo hapo ndipo hatari yetu. Maana si kila kazi mpya ni njema. Panga lilifuliwa kwa ajili ya kufyeka shamba na kukata ndizi. Katika eneo la Beni, tangu Oktoba ya mwaka 2014 yalipoanza mauaji makubwa, tumeona panga likipewa kazi nyingine, na sina haja ya kueleza. Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zinajua kuliko mimi. Kwa hiyo anayesema, "Viumbe hubadili kazi za viungo vyao, basi hakuna kazi iliyo sawa wala isiyo sawa," anajidanganya. Pafu likigeuka mfuko hakuna wa kulaumiwa, maana hakuna aliyechagua. Mtu akikigeuza chombo, amechagua, na Mungu atamwuliza.

Na kipimo ni nini? Kama kwa kopo la sokoni tulivyouliza kama linapima sawasawa, kwa kila kazi mpya tuulize: je, inamtumikia mtu, ambaye ni sura ya Mungu, ama inamla?

KINYAA, HOFU NA DAMU

Mapanga yako nje yetu. Lakini kuna vyombo vya kale ndani ya mioyo yetu ambavyo nasi tunavipa kazi kila siku. Nitataja viwili: kinyaa, na mapenzi ya ndugu wa damu.

Kinyaa ni mlinzi mzuri. Mtoto akionja kitu kichungu au kilichooza hukunja uso na kutema. Hivyo sumu haiingii tumboni. Hofu ya ugonjwa ni ya ukoo huo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilipotangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini, kuanzia Mangina, hofu hiyo ilikuwa na kazi njema: kumzuia mtu asiguse maiti, anawe mikono, akubali chanjo. Ugonjwa ule ulidumu hata tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu 2,287. Lakini wengi wetu tuliona pia kinyaa kikipewa kazi nyingine. Mtu alipona, akatoka kituoni na karatasi ya waganga mkononi, akakuta jirani hawampi mkono, wala wanunuzi hawafiki mezani pake sokoni. Mlinzi aliyewekwa mlangoni kuzuia ugonjwa akaanza kuzuia watu.

Mapenzi ya ndugu wa damu nayo ni chombo cha thamani. Ndiyo yaliyolea kila mmoja wetu. Lakini kazi yake ya kale ilikuwa na upande wa pili: kumwogopa mgeni. Upande huo ukilishwa uvumi huwa mkali. Tarehe 19 Aprili 2019, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia juu ya Ebola, aliuawa kwa risasi Butembo, wagonjwa wakiwa bado wanamhitaji. Sitasema ninajua yaliyokuwa mioyoni mwa waliompiga. Nasema tu kwamba siku zile maneno ya chuki juu ya "wageni wa Ebola" yalisemwa katika nyumba nyingi, na wengine waliyasema wakidhani wanalinda ndugu zao.

Sasa tazameni upande mwingine wa habari hiyo hiyo. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, magharibi ya nchi yetu. Mtu mmoja aliugua akapona. Mwili wake ulikuwa umetengeneza kinga katika damu, kwa ajili ya kujiokoa wenyewe. Kinga haina kazi nyingine. Miaka 11 baadaye alitoa damu yake, na kinga ilikuwa ingali hai. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa ng'ambo walitafuta katika damu ile, na kutokana nayo ikatengenezwa dawa iliyoitwa mAb114. Tangu Novemba 2018 dawa hiyo na nyingine tatu zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Na mwezi wa Agosti 2019 ikatangazwa kwamba mbili kati yake, mojawapo mAb114, ziliokoa watu kuliko nyingine. Silaha ambayo mwili wa mtu mmoja wa Kikwit ulijitengenezea ilikuja kuwa uzima wa watu wa Kivu, ambao hawakuwa ndugu zake, wala hakuwajua kwa sura.

Na wale waliopona hapa kwetu, je? Wengi wao, kwa sababu miili yao ilikuwa imepata kinga, waliingia kazini. Karibu na vituo vya matibabu vya Beni na Butembo kulikuwa na nyumba za watoto wachanga ambao mama zao walikuwa kitandani. Waliopona ndio waliowabeba watoto hao, wakawalisha na kuwaimbia, wakati ambapo ndugu wa damu hawakuweza kuwagusa. Mwanamke aliyezika watoto wake mwenyewe angeweza kusema: mikono yangu ya kulea haina kazi tena. Waliopona walisema: tuleteeni watoto wa wengine. Mapenzi yaliyoumbwa kwa ajili ya damu yetu yalipewa kazi ya jirani.

Je, kazi hiyo ilikuja bure? Sivyo. Kumbukeni koo na hatari yake. Kumpenda asiye ndugu kunauma, kunachosha, wakati mwingine watu wa nyumbani hukasirika. Ndiyo maana Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa mfano wa mtu aliyemsaidia kaka yake. Alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa, aliyetia mafuta na divai katika vidonda vya mgeni na kulipa kwa mfuko wake mwenyewe.

JIBU LA MAMA

Basi mama, mwanao akirudi na daftari lake, usinyamaze, wala usimgombeze. Mwambie hivi: "Mwanangu, soma kwa bidii. Ikiwa mkono huu zamani ulishika matawi, leo umekushika wewe. Ikiwa ulimi huu zamani ulikuwa wa chakula, leo unakufundisha Baba Yetu. Aliyeumba vyote alijua safari ya vyote. Usiniulize tu mkono ulitoka wapi. Niulize pia nitautumia kwa nini. Na hilo, mwanangu, hata wewe utaulizwa."

Sisi sote tufanye vivyo hivyo kwa vile tulivyorithi. Umerithi hasira? Ina kazi: imtetee mjane anayenyang'anywa shamba. Umerithi hofu? Ikuzuie na dhambi, isikuzuie na mgonjwa. Umerithi mapenzi makubwa ya ukoo wako? Usiyapunguze hata kidogo. Yapanue, yafike kwa mkimbizi aliyehama kijiji chake na kulala katika shule yenu. Na kama katika mtaa wako yuko mtu aliyepona Ebola ambaye hajapewa mkono hata leo, Jumapili hii, wakati wa kutakiana amani, nenda umpe mkono wewe wa kwanza.

Wala tusisahau mti ulio juu ya altare zetu. Warumi waliutengeneza kwa kazi moja tu: kumtesa mtu na kumwaibisha mbele ya wote hata afe. Hakuna chombo kilichokuwa na asili mbaya kuliko hicho. Mwana wa Mungu aliupokea, akaupa kazi mpya, na leo tunambandikia mtoto alama yake katika paji la uso siku ya Ubatizo. Aliyeweza hivyo kwa msalaba ataweza pia kwa mikono yetu, tukimpa.